AutoArchive inasema imemaliza lakini barua hazijasogea, na faili la zamani linagoma kufunguka

Karani_MsaRoad · Jumatatu, saa 4:10 asubuhi

Wadau, habari za asubuhi. Nina kesi ya Outlook inayonitoa jasho. Jamaa wetu wa IT huja ofisini mara moja kwa wiki, na wiki hii ameshapita.

Sisi ni mawakala wa forodha hapa Nairobi, Mombasa Road, si mbali na bohari ya kontena ya Embakasi. Kazi yetu ni viambatisho kutwa kucha: hati za shehena, ankara, orodha za mizigo, picha za kontena ambazo madereva hupiga kwa simu na kutuma bila kupunguza ukubwa. Sanduku letu lina kikomo cha GB 50 na Outlook imeanza kunionya kwamba limekaribia kujaa. Meli haingojei mtu apunguze barua zake, kwa hiyo nina haraka.

Shida ya kwanza: nimeiagiza AutoArchive, kile kipengele cha Outlook cha kupeleka barua za zamani kwenye faili la makavazi, ihamishe barua zote zenye umri wa zaidi ya miezi 12. Inaanza, chini ya skrini inaandika kwamba inahamisha, inamaliza bila kulalamika. Nikifungua faili jipya la makavazi nakuta folda zote zimeundwa, hadi zile za wateja, ila ndani hakuna kitu. Barua za 2019 ziko palepale zilipokuwa.

Shida ya pili: faili la makavazi la zamani, aliloliunda aliyekaa kwenye dawati hili kabla yangu, liko kwenye diski ya pamoja ya seva. Siku nyingine linafunguka vizuri. Siku nyingine Outlook inasema imegundua hitilafu ndani yake na kunitaka nifunge programu zote za barua kisha nitumie kifaa cha kukarabati. Na kuna siku inasema linatumiwa na mtu mwingine.

Outlook ni ile ya siku zote ya Windows, si ile mpya. Akaunti ni ya Microsoft 365. Naomba msaada tafadhali.

---

Mkaa_Gizani · Jumatatu, saa 4:22 asubuhi

Rahisi sana hiyo. Tafuta faili la .ost, lifute, washa Outlook upya. Mimi ndiyo dawa yangu ya kila kitu.

---

FundiSeva · Jumatatu, saa 4:41 asubuhi

Dada Karani, usifute chochote kwanza.

Mkaa, hebu tuelewane. OST ni nakala, kwenye kompyuta yake, ya kile kilichoko kwenye seva ya Microsoft. Akiifuta, Outlook itaanza kushusha karibu GB 50 upya kwa intaneti ya ofisi, na wenzake watamchukia hadi Ijumaa. Makavazi yenyewe yako kwenye PST, faili tofauti kabisa ambalo Outlook huhifadhia barua nje ya sanduku. Na kama kuna kitu kwenye OST ambacho hakijafika kwenye seva, kwa mfano barua iliyokwama Outbox, kitaenda nayo.

Kabla ya kuandika dawa nataka kujua mambo machache. Hilo faili jipya la makavazi lina ukubwa gani ukiliangalia kwenye folda ya Windows? La zamani je? Linafunguliwa na watu wangapi? Na swali ambalo huenda likakushangaza: hizo barua za 2019 zimekuwa Microsoft 365 tangu mwanzo, au mlizihamisha kutoka kwingine?

---

Karani_MsaRoad · Jumatatu, saa 5:15 asubuhi

Asante FundiSeva. Jipya lina KB 265 tu. La zamani lina GB 31, na tunalifungua watu watatu: mimi, mwenzangu wa nyaraka na bosi anapotafuta barua za kesi.

Kuhusu kuhama, ndiyo. Zamani barua zetu zilikuwa kwa kampuni moja ya hosting hapa mjini. Mwezi wa pili mwaka huu tukahamia Microsoft 365. Jamaa aliyetuhamisha alitoa barua zote kwenye mafaili ya PST kisha akaziingiza kwenye akaunti mpya.

---

FundiSeva · Jumatatu, saa 5:58 asubuhi

Basi shida ya kwanza tumeipata.

KB 265 ni ukubwa wa PST isiyo na kitu. Yaani Outlook iliunda faili, ikajenga folda, ikakagua kila barua na kuamua kwamba hakuna hata moja iliyotimiza miezi 12. Haikupata hitilafu yoyote, ndiyo maana haikulalamika.

Watu wengi hudhani AutoArchive huangalia tarehe barua ilipoingia. Huangalia tarehe mbili: ya kupokelewa na ya kubadilishwa mara ya mwisho, kisha hufuata iliyo ya karibuni zaidi. Barua ikiingizwa kutoka PST, ikahamishwa folda, ikanakiliwa, ikajibiwa, ikatumwa mbele kwa mwingine au ikahaririwa na kuhifadhiwa, tarehe ya mabadiliko hujiandika upya. Barua yako ya 2019 iliingizwa mwezi wa pili, kwa hiyo kwa hesabu ya Outlook ni mtoto wa mwezi wa pili. Hata ukitumia ile amri ya kuhamisha kwa mkono badala ya kungoja ratiba, kipimo ni hicho hicho.

Usiniamini bure, hakikisha mwenyewe. Fungua Inbox, nenda View, kisha View Settings, kisha Columns. Kwenye orodha ya sehemu zote za tarehe na saa chagua Modified, uiongeze kando ya Received. Rudi kwenye barua, uzipange kwa Received ukianza na za kale. Ukiona mstari mzima wa barua za 2019, 2020, 2021 zenye Modified ya mwezi wa pili mwaka huu, ndio huyo.

Ukishahakikisha, dawa iko kwenye rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake. Funga Outlook. Andika regedit kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua, kisha shuka hadi:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Preferences

Hapo ongeza thamani mpya ya aina ya DWORD (yaani namba), uipe jina ArchiveIgnoreLastModifiedTime, thamani yake 1. Herufi zisikosewe hata moja, maana ukikosea Outlook haitakuambia, itaipuuza tu. Hiyo 16.0 ni ya Outlook 2016, 2019, 2021 na ya Microsoft 365. Aliye na 2013 ataona 15.0, na 2010 ni 14.0. Kabla ya kugusa kitu humo, toa nakala ya hiyo folda ya Preferences kwa Export, ili ukiharibu urudishe.

Usiendeshe AutoArchive bado. Tushughulikie kwanza lile faili la GB 31, kwa sababu sitaki barua zako nzuri ziende kulala kwenye faili bovu.

---

MzeeWaKebo · Jumatatu, saa 7:03 mchana

FundiSeva amesema vizuri. Mimi nitauliza hilo faili la zamani lilizaliwa lini.

Wengine hapa hamkuwepo enzi za Outlook 2000 na 2002. PST ya wakati ule ilikuwa na mwisho wa GB 2, na ilipofika hapo haikukuonya, ilijifunga tu na barua zako ndani. Microsoft walitoa kifaa cha kuikata mkia ili ifunguke, na kilichokatwa hakirudi. Nimewahi kumwona mwanasheria mzima wa mjini akikaa kwenye ngazi ya ofisi yake, ameshika kichwa, kwa sababu ya faili la namna hiyo.

La dada lina GB 31 kwa hiyo si la aina hiyo, ni la mfumo mpya ulioanza na Outlook 2003. Lakini hata huo una mipaka: 2003 na 2007 ziliweka GB 20, kuanzia 2010 ni GB 50. Mwenye faili la kale na hajui ni la aina gani, aende Account Settings, Data Files, abofye faili lake kisha Settings. Ikiandikwa 97-2002 kwenye Format, ajue amekalia bomu. Aunde jipya leo na aburute barua kwenda huko.

---

Pwani_Tech · Jumatatu, saa 8:20 mchana

Salaam kutoka Mombasa. Dada yangu, ugonjwa wa faili lako la pili umeutaja mwenyewe, ila umeupitia haraka: liko kwenye diski ya pamoja ya seva na linafunguliwa na watu watatu.

PST haikuundwa kwa ajili hiyo. Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono kuitumia kupitia mtandao wa ofisi. Outlook huishika PST yote kama mali yake, inasoma na kuandika vipande vidogo vidogo humo bila kukoma, na inadhani diski iko hapo hapo karibu nayo. Mtandao ukikatika kwa nukta moja tu, swichi ya mtandao ikizimika, mtu akifunga laptopu akiwa amelifungua, kipande kimoja kinaandikwa na kingine hakiandikwi. Faili linaumia. Kesho linafunguka kwa sababu Outlook imejirekebisha kidogo, keshokutwa linagoma.

Na ule ujumbe wa kwamba linatumiwa na mtu mwingine ni ukweli mtupu. PST hufunguliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Bosi wako akilifungua asubuhi na kuacha Outlook wazi, nyinyi wawili mmefungiwa mlango.

Nairobi stima hukatika, sivyo? Seva yenu ina UPS, ile betri ya kuishikilia stima ikienda?

---

Karani_MsaRoad · Jumatatu, saa 8:47 mchana

Seva ina UPS. Swichi haina 😅

FundiSeva, nimeongeza ile safu ya Modified. Mwezi wa pili mwaka huu, kuanzia juu hadi chini. Kumbe ndiyo maana.

---

Mkaa_Gizani · Jumatatu, saa 8:52 mchana

Swichi bila UPS, hapo nimenyoosha mikono.

Lakini kuweka PST kwenye seva si ndiyo njia ya kuwa na bakapu? Akiiweka kwenye C yake, diski ikifa imekwisha.

---

FundiSeva · Jumatatu, saa 9:30 alasiri

Swali la haki. PST inayotumika ikae kwenye mashine ya mwenyewe. Nakala yake ndiyo iende kwenye seva, ikinakiliwa wakati Outlook imefungwa. Hayo ni mambo mawili na watu huyachanganya kila siku.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyo hiyo. Outlook huweka PST kwenye Documents, ndani ya Outlook Files, na kompyuta nyingi za ofisi siku hizi zimewekwa ili Documents isawazishwe na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Basi kila ukifungua Outlook faili linabadilika, OneDrive inataka kupakia GB 31 upya, inalishika faili, Outlook nayo inalitaka. Weka makavazi kwenye folda iliyo nje ya Documents kabisa, kwa mfano C:\Makavazi.

Sasa ukarabati. Karani, fuata kwa utaratibu:

Wote watatu mfunge Outlook. Si kubofya X tu. Fungua Task Manager uhakikishe OUTLOOK.EXE haimo, maana ina tabia ya kubaki nyuma ikishikilia faili. Nakili faili kutoka seva hadi C:\Makavazi. Lile la seva libadilishe jina tu, usilifute, mpaka tumalize.

Kifaa cha kukarabati kinaitwa SCANPST.EXE. Hakiko kwenye menyu yoyote. Kwa Office ya sasa kiko C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16, na kama Office yako ni ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64, anza na Program Files (x86). Kifungue, kielekeze kwenye nakala, bonyeza Start. Kitapita hatua kadhaa kisha kitakuambia kimeona nini. Usiondoe ile alama ya kutengeneza nakala kabla ya ukarabati, na hakikisha diski ina nafasi ya nakala hiyo, kwa sababu ni GB 31 nyingine. Kisha Repair.

Kikimaliza kiendeshe tena. Na tena, hadi kiseme hakuna hitilafu. Wengi huishia mara ya kwanza, wakifungua wakakuta bado inasumbua husema kifaa hakifanyi kazi. Kwa faili la ukubwa huo anza jioni ukitoka, uache mashine ikiwa imechomekwa, na uzime ile ratiba ya kompyuta kulala.

Ukifungua faili baadaye unaweza kuona folda mpya iitwayo Lost and Found. Hizo ni barua ambazo kifaa kiliziokota bila kujua zilitoka wapi. Zipitie kabla ya kufuta.

---

DarMkuu · Jumatatu, saa 10:05 alasiri

Wakuu, nimefuata uzi huu kutoka Dar kwa hamu. Mimi ninatumia ile Outlook mpya ya Windows na AutoArchive siioni kabisa. Kuna kitufe cha Archive tu. Nimekibonyeza kwa mamia ya barua na ukubwa wa sanduku haujapungua hata kidogo. Tatizo nini?

---

Pwani_Tech · Jumatatu, saa 10:31 alasiri

Mkuu, kitufe hicho huhamisha barua kutoka Inbox kwenda folda ya Archive iliyomo ndani ya sanduku hilo hilo. Umepanga sebule, mizigo bado imo nyumbani. Haigusi PST wala haipunguzi chochote kwenye kikomo.

AutoArchive haimo kwenye Outlook mpya. Ukiitaka rudi kwenye ile ya zamani.

Na kwenye ile ya zamani, ukiwa umeichagua barua kisha ukagusa kitufe cha Backspace, inaweza kukimbilia folda hiyo ya Archive bila wewe kujua. Anayedai barua zake zimepotea, aanze kutafuta humo kabla ya kumlaumu mtu wa IT.

---

Binti_Hesabu · Jumatatu, saa 12:12 jioni

Naingia kwa upande wa vitabu kwa sababu naona mnahamisha na kukata bila kuuliza nini kinatakiwa kubaki.

Karani, kwa wakala wa forodha miaka mitano ndiyo namba ya kukumbuka. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa afisa wa forodha nguvu ya kudai hati za uingizaji ndani ya miaka mitano, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 nayo inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano. Ukaguzi baada ya mzigo kuondolewa haukuulizi kama PST yako iligoma kufunguka. Mteja aliyebadilisha thamani ya ankara kwa barua pepe miaka mitatu iliyopita, barua hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Kuna upande wa pili ambao maofisi mengi hapa Nairobi huusahau. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki ukae na taarifa binafsi za watu kupita muda unaohitajika. Nakala za vitambulisho vya madereva wa miaka kumi iliyopita zimekaa humo zikifanya nini? AutoArchive haijui tofauti. Kwa hiyo nisingeipa ruhusa ya kufuta chochote. Ihamishe tu, na kufuta kuamuliwe na mtu.

---

FundiSeva · Jumatatu, saa 12:40 jioni

Binti_Hesabu amegusa pabaya, na ni muhimu. Kwenye AutoArchive kuna chaguo la kufuta kabisa vitu vya zamani badala ya kuvihamisha, limekaa mstari mmoja chini ya lile la kuhamisha. Karani, lihakiki mara mbili. Pia kila folda ina mpangilio wake: bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, kichupo cha AutoArchive. Kama aliyekutangulia aliweka folda fulani isiguswe, mpangilio wa jumla hautaishinda.

---

Karani_MsaRoad · Jumanne, saa 3:20 asubuhi

Habari za asubuhi. Nimetaka kuhifadhi nakala ya lile faili kwenye fleshi kabla ya kuanza ukarabati, Windows inasema faili ni kubwa mno. Fleshi ni ya GB 64 na ni mpya, nimeitoa Luthuli Avenue juzi. Nimeuziwa feki?

---

MzeeWaKebo · Jumanne, saa 3:34 asubuhi

Huenda si feki. Ikiwa imepangwa kwa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata ikiwa tupu. Ibofye kwa kitufe cha kulia, Format, chagua exFAT au NTFS. Ukiformati vyote vilivyomo vinafutika, kwa hiyo vitoe kwanza.

Ila mimi PST ya ofisi nisingeiamini kwenye fleshi. Nunua diski ya nje.

---

Karani_MsaRoad · Jumatano, saa 2:55 asubuhi

Taarifa. Nilianzisha SCANPST jana jioni. Asubuhi nimekuta imemaliza, nimeirudia hadi ikasema faili ni safi. Limefunguka! Lost and Found ina barua chache, nyingi ni za matangazo, ila mbili ni ankara za mteja ambaye bosi amekuwa akizitafuta. Amefurahi kuliko mimi.

Nimeweka ile thamani ya rejista na kuendesha AutoArchive. Sasa barua zinahama kweli, naziona zikiingia. Swali: niziingize kwenye lile faili la GB 31 au nifungue jipya?

---

FundiSeva · Jumatano, saa 3:30 asubuhi

Fungua jipya. Ukiongeza kwenye lile la GB 31 utafika kwenye ukingo wa GB 50 kabla hujajua. Ukingo huo unaweza kusogezwa kwenye rejista, lakini sikushauri. Faili kubwa linachelewa kufunguka na likiumia unapoteza mengi kwa mpigo. Faili moja kwa kila mwaka ni njia nzuri kwa ofisi yenye viambatisho vingi: Makavazi2019, Makavazi2020, hivyo hivyo. Kwa amri ya kuhamisha kwa mkono unachagua folda, tarehe ya mwisho na faili la kupeleka, ukianza na mwaka wa kale zaidi.

Lakini niseme ninachoamini. Watu watatu mnaohitaji kusoma barua zile zile hamfai kuishi kwa PST. Mwulizeni anayesimamia Microsoft 365 yenu kama leseni inaruhusu makavazi ya mtandaoni. Huwa ni sanduku la pili lililoambatana na la kwanza, linaonekana kwenye Outlook pembeni, na mwenye ruhusa analisoma kutoka mashine yoyote. Hapo kazi ya kuhamisha hufanywa na seva yenyewe kwa sera. Ile ya kawaida ya Microsoft huhamisha barua zikitimiza miaka 2. Msimamizi akiiwasha leo usitegemee kuona mabadiliko saa hiyo hiyo, kwa sababu yule mtumishi wa seva anayefanya kazi hiyo hupitia kila sanduku angalau mara moja ndani ya siku 7.

Ukiwashiwa hiyo, chaguo la AutoArchive litatoweka kwenye Outlook yako. Usishtuke na kufungua uzi mwingine.

---

Mkaa_Gizani · Jumatano, saa 3:41 asubuhi

Atafungua tu.

---

Binti_Hesabu · Jumatano, saa 4:02 asubuhi

Naunga mkono. Na ikija siku mfanyakazi ameacha kazi, barua haziondoki na laptopu yake.

---

Karani_MsaRoad · Alhamisi, saa 10:15 alasiri

Nimehamisha hadi mwisho wa 2021, kila mwaka na faili lake. Onyo la kujaa limeondoka na kikomo kinaonyesha nina nafasi ya kutosha. Bosi amekubali tuulizie makavazi ya mtandaoni, na swichi imenunuliwa UPS.

Kitu kimoja tu kinanisumbua: nafasi kwenye diski C ya kompyuta yangu haijaongezeka. Imepungua. Barua zimetoka kwenye sanduku, kwa nini OST bado ina ukubwa ule ule?

---

FundiSeva · Alhamisi, saa 10:38 alasiri

Imepungua kwa sababu mafaili mapya ya makavazi yako kwenye diski hiyo hiyo, na OST haijasinyaa bado. Outlook ikitoa barua huacha nafasi tupu ndani ya faili na kuitumia kwa barua zijazo. Haiirudishi kwa Windows mara moja. Huibana polepole ikiwa haina kazi nyingine.

Ukitaka kuilazimisha: Account Settings, chagua akaunti, Change, More Settings, kichupo cha Advanced, Outlook Data File Settings, kisha Compact Now. Itachukua muda mrefu na Outlook haitatumika wakati huo, kwa hiyo ifanye mkitoka. Lile la GB 31 nalo, ukiwa umefuta barua humo, lina Compact Now yake chini ya Data Files.

Na lile nililokuambia ubadilishe jina kule kwenye seva, hakikisha kwanza mafaili mapya yanafunguka yote na yamenakiliwa kwenye diski ya nje. Ndipo ulifute.

---

Pwani_Tech · Alhamisi, saa 10:44 alasiri

Uyafungue ukiwa umechomoa diski ya nje na mtandao wa seva, dada, ndipo utajua Outlook inasoma yale ya C kweli.